Kifua cha Msimu

Kifua cha mume wangu Likanga nakijua.
Mwezi wa saba, tukipuliza salfa mikoroshoni,
kinakwaruza kama kifuu sakafuni;
anakohoa, anatema njano,
kesho yuko shambani, na mimi sisemi.

Kuna kile cha kisamvu cha pilipili usiku:
kinapanda na uchachu mpaka kooni,
anapiga mbweu, kinashuka.
Kuna cha gunia lililonyanyuliwa vibaya;
ukimbonyeza ubavu anaruka,
"Hapo hapo, Somoe!"
Kuna hata cha mawazo, malipo yakichelewa chamani:
moyo mbio, vidole ganzi,
fedha zikiingia anapona.

Basi Jumanne, ghalani Kitangari,
hajabeba kitu. Karani kaandika kilo,
yeye katia stakabadhi mfukoni,
akakaa chini.
"Nini?"
"Salfa tu."
Salfa, mwezi wa kumi na moja?

Nikambonyeza ubavu. Hakuruka.
"Si hapo. Hakuna hapo. Ni kama mtu kanikalia."
Akaweka kiganja kizima, si kidole.
Maumivu yakashika bega la kushoto,
yakapanda taya,
na jasho la baridi likamtoka,
sisi tuko kivulini.

Shemeji Nandonde: mpeni tangawizi, alale kidogo.
Mwingine, kwa sauti ya chini: wamezionea wivu kilo zake.
Nikasema tangawizi ataikuta.
Kama ni kiungulia, nichekeni mpaka msimu ujao.
Aibu ya kupeleka kiungulia hospitali naiweza.
Ile nyingine siiwezi.

Gari la korosho likashusha magunia sita,
tukapata pa kumwegemeza.
Njia ya Newala sijui ina mashimo mangapi;
nilihesabu pumzi.

Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu,
alibandika nyaya, akampa vidonge atafune,
akauliza: yalianza saa ngapi?
Nikamjibu, kwa dakika.
"Mngelala nayo..." akasema,
akageukia mashine.

Nguo zake nimepewa kwenye rambo.
Mfuko wa kushoto wa shati, stakabadhi imelowa,
wino wa karani umetawanyika,
mia tatu na kitu, hicho kitu sikisomi.
Nimeianika dirishani mwa wodi.

Alfajiri akafumbua macho.
Neno la kwanza: "Kilo ngapi?"
Nikamwambia anyamaze, avute pumzi.
Akavuta.
Nikaisikiliza yote, mpaka ikarudi.