Kwa Kingi, Chini

Mia mbili kila mtu, alisema Ekai, mlinzi,
na msimwambie injinia.
Akatupa kofia mbili za plastiki.
Ya mama ilimshuka hadi kwenye nyusi,
akaisukuma nyuma kama mtu anayefungua dirisha.

Hapa Kilimani udongo ni mweusi, unanata,
humvua mtu kiatu bila kumwomba ruhusa.
Tingatinga lilipochimba msingi wa ghorofa ishirini na mbili
meno yake yaligonga ngazi.
Ngazi inayoshuka. Haikuwa kwenye ramani yoyote.

Juu yake paliwahi kusimama jumba.
Vibarua waliliita Kwa Kingi,
maana lilijengewa mfalme wa ng'ambo
aje alale siku nne, aone simba, aondoke.
Babu Mwakio alitoka Wundanyi
na kipande shingoni, akapewa kazi ya chini:
chupa, barafu, kengele.
Hasa kengele.

Ngazi kumi na nne, alituambia.
Mama alizihesabu kwa sauti, kwa Kidawida,
akafika kumi na moja na mguu ukakanyaga maji.
"Tatu zimezama," nikasema.
"Au aliziongeza. Baba hakuwa bahili wa hesabu."

Chini kuna baridi ya mtungi.
Tochi ya Ekai ikalamba kuta:
vishimo vya chupa, mia na zaidi, vitupu,
kama mzinga uliokimbiwa na nyuki.
Mizizi ya mjakaranda imetoboa dari,
nyembamba, imelowa,
inatafuta kitu cha kushika.

Na pale juu ya mlango, ubao wa kengele.
Saba. Sita zimeliwa na kutu.
Ya saba bado ina rangi yake ya shaba,
ile ya chumba cha mfalme,
haikuchakazwa na kulia.

"Injinia anasema hakuja," akasema Ekai.
"Meli iligeuzwa njiani. Jumba likakaa
miaka tisa likifagiliwa."

Nikamtazama mama.
Sisi tulilelewa na hadithi moja:
babu akimmiminia mfalme chai,
mfalme akisema asante kwa Kiswahili kibovu,
sahani yenye ukingo wa dhahabu.
Tuliiigiza kila Krismasi. Mfalme nilikuwa mimi,
kwa sababu nilikuwa na koti.

"Nilijua," akasema mama.
"Tangu lini?"
"Zamani. Mtu akisimulia jambo la kweli
husahau kipande. Baba hakusahau hata sukari."

"Basi chai alimmiminia nani?"

Hakujibu. Alikuwa amekwisha kuinama
kulia kwa mlango, anabisha mawe
moja moja kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua tikiti maji Marikiti.
La tatu likacheza. Likatoka.
Akatia mkono hadi kiwikoni.

Vumbi.
Vumbi jeusi, laini. Akalinusa,
akanipa nami ninuse.
Sijui. Lilinuka udongo.
Lilinuka pia, ukitaka sana,
majani ya chai.

Miaka tisa, kila saa kumi jioni,
kengele haikulia
na maji yalikuwa yamekwisha kuchemka.
Nani angeyaacha yapoe?

Jumatatu watamwaga zege.
Hapa patakuwa maegesho, orofa ya chini kabisa,
Ekai ameonyeshwa mchoro: magari mia na arobaini,
na mishale myeupe ya kuyaelekeza kutoka.
Mama akalirudisha jiwe,
akalipigapiga mpaka likaingia sawa,
kisha akaketi kwenye ngazi, kofia magotini,
pale ambapo babu hakuruhusiwa kuketi.

"Tusubiri kidogo," akasema.

Ekai akazima tochi kuokoa betri.
Tukakaa gizani, watatu,
tumeutegea ubao masikio.