Fisi na Njia Mbili

Soketi yetu ya zamani ilikuwa na hali moja:
ama inasoma, ama inaandika.
Kivinjari kikisema, sikio lazibwa;
kikisikiliza, kalamu yawekwa chini.
Miaka kumi na moja tuliiita hiyo adabu.

Tuulikki alinionyesha mstari wa 412.
Oulu, Februari, theluji imefika dirishani.
"Hapa ndipo ukurasa unapoganda."
Seva haisomi mpaka imalize kutuma,
nasi hatusomi mpaka tumalize kutuma,
bafa zimefurika huku na huko:
waungwana wawili mlangoni,
tangulia wewe, hapana, wewe,
na chakula kinapoa.

Njia mbili zilimshinda fisi, najua.
Lakini fisi alikuwa mmoja.

Jioni, kwao, mama yake alipigiwa simu
na dada yake wa Kemi.
Wakaongea kwa pamoja, dakika arobaini,
hakuna aliyempisha mwenzake.
Nikadhani hakuna aliyesikia kitu.
Simu ilipokatwa Aune alikuwa na yote:
bei ya samaki, goti, talaka ya jirani.
Tuulikki akaweka kijiko chini
akanitazama.

Asubuhi tukaipasua ile hali katikati.
Kusoma kukapata foleni yake,
kuandika foleni yake,
kila upande ukiitwa kwa jina lake kazi ikiisha.
Majaribio mia tatu yakapita.
Moja likagoma:
mmoja akiaga, mwenzake bado yumo katikati ya neno,
nani afunge mlango?

Tukampigia Aune kumuuliza.
Alicheka,
na alikuwa tayari anaongea.