Kijiko Kile Kile

Ulianza mwezi wa tisa, nikipogoa mizabibu Mpunguzi.
Mkasi mkononi, mstari wa nne toka barabarani,
moyo ukawa kanga aliyeshtuliwa na mbwa
kwenye mabua ya uwele: ukakimbia, ukasita,
ukakimbia tena bila kusema unakwenda wapi.
Nikakaa chini. Nikalilaumu jua.

Daktari alinichorea nyuma ya bahasha.
Vyumba vya juu, alisema, havipigi, vinatetemeka,
na damu inatuama humo kama maji kwenye nyayo za ng'ombe.
Ikituama huganda. Bonge likichomoka
hupanda kichwani.
Akaniandikia kidonge cha kuzuia damu isigande.
Akauliza ninakunywa nini. Nikasema maji.
Akaitazama mikono yangu, zambarau mpaka kwenye kucha,
akangoja.
Nikasema: na kidogo cha shambani.

Basi divai niliiaga mwenyewe, pipa kwa pipa.
Hilo halikuniuma kama nilivyodhani.

Kilichonimaliza ni huruma za watu.
Shemeji Chilewa alitoka Kongwa na kitunguu swaumu:
punje saba alfajiri, kabla hujasema na mtu.
Mke wa mchungaji akaleta unga wa mlonge.
Lameki, aliyewahi kutuuzia bima,
akaja na kopo la magnesi, elfu thelathini na tano,
lenye picha ya mzee anakimbia ufukweni, meno yote kinywani.
Mfa maji haachi kutapatapa.
Nami nikavimeza vyote,
kidonge nikikimeza nilipokumbuka.

Jumapili moja, katikati ya mahubiri,
pua ikafunguka. Shati jeupe, kitabu cha nyimbo,
leso ya Damari, kanga ya jirani yake,
damu haina habari.

Muuguzi Mbeleje akasema: Leta vyote. Mwaga mezani.
Akavichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.
Hiki kitunguu kwenye mchuzi sawa, lakini punje saba
zinavuta kamba upande mmoja na kidonge chako; ndiyo hiyo pua.
Huu mlonge unavuta upande wa pili.
Hili kopo lisubiri tupime figo.
Halafu akanyamaza, na mimi nikajua linalokuja.
Na mlenda?

Niliinama. Mgogo akinyang'anywa mlenda
anabaki na nini, ugali na mate?
Unakula kiasi gani, akauliza.
Nikasema: inategemea mvua.
Alicheka mpaka akavua miwani.
Sikukatazi, alisema. Magadi tu punguza.
Majani yanabishana na dawa, ila tukijua yanabishana kiasi gani
tutaipima dawa kwa hayo.
Usile leo bakuli, kesho jangwa.
Kijiko kile kile, baba. Kila siku.

Damari akatafuta kijiko. Cha mama yake,
cha bati, mpini umepinda kama shingo ya korongo.
Viwili vya mlenda mkavu, anavisawazisha kwa kidole.
Tukialikwa harusi Bihawana kinakuja nacho,
kimefungwa kwenye leso pamoja na sadaka.
Wajukuu wanakiita Daktari.

Moyo umekataa saa, kwa hiyo tumbo limepewa saa.
Sijapona. Nisidanganye mtu.
Kila mwezi natolewa damu, kila mwezi namba inaandikwa,
na miezi mitatu sasa Mbeleje hajakunja uso.
Usiku mwingine kanga anarudi kwenye mabua yake.
Namwacha akimbie. Naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono,
nahesabu, napotea, naanza upya.

Jana usiku nilisikia matone mawili juu ya bati.
Kimya.
Tisa kwa pamoja. Kimya. Moja.
Jirani akapiga kelele za furaha, mtu akaburuta ndoo.
Mimi nilikuwa nimelala na vidole vyangu viwili mahali pake
na sikuweza kujua.
Ni nje, akasema Damari gizani.
Lala. Ni nje.