Kisima cha Tatu

Edmonton, Januari, saa kumi na moja alfajiri.
Nazoa theluji mlangoni pa kanisa,
ile ile niliyoizoa jana.

Jumatano, kule chini penye tanuri, Byamungu alitusomea
habari za mwana aliyerithi visima vilivyofukiwa.
Akafukua kimoja, wakamgombania: akakiita Ugomvi.
Cha pili, Uadui. Akahama.
Cha tatu hakikugombaniwa. Akakiita Nafasi.

"Msikitafute kwenye ramani," Byamungu alisema,
akijigonga kifuani kwa kalamu, ikamwachia doa la wino.
"Waliofukia ni nyie. Wa kufukua, nyie."

Nilicheka kidogo. Nilikuwa na njaa.

Lakini leo beleshi limegota kwenye barafu,
na ule mgoto nimeusikia ndani, chini ya mbavu,
mahali nilipomfukia Bisimwa, ndugu yangu,
kwa ajili ya dola mia nne na gari bovu.

Nikachimba. La kwanza kutoka: yeye ndiye aliyeanza.
Nikalipachika jina, nikalipita.
La pili lilikuwa zito zaidi:
nilifurahi alipofukuzwa kazi.
Hilo nalo nikaliita kwa jina lake,
kwa sauti, mvuke ukinitoka kinywani.

Chini yake sikukuta maji. Nisidanganye.
Nilikuta unyevu tu,
kama jasho la mtungi upande wa nje.

Nikavua glavu.
Simu inaita. Inaita.
Nyuma yangu theluji imeanza tena kufukia njia,
na beleshi bado liko kwapani.