Kisima cha Sita

Wiki tatu tulipima maji.
Maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakachujwa,
mikrolita kumi, mikrolita kumi tena,
tone juu ya mizani, namba kwenye daftari,
na Mwalimu Ndeshimuni Kiwelu akipita nyuma yetu
kwa raba zake zisizo na kishindo.
"Kidole gumba chako kina haraka," aliniambia.
"Kirudishe polepole. Pipeti si pampu ya baiskeli."

Nilishuka kutoka Kibosho nikidhani sayansi ni majina:
mitokondria, ribosomu, vimeng'enya vyenye mikia mirefu,
nikiyakariri kama maswali ya kipaimara.
Yeye akaniuliza mama anapika nini nyumbani.
Niliona haya. Nikasema, mbege.
"Vizuri. Ule uji wa ulezi,
anauchanganya na ndizi ukiwa moto au ukiwa umepoa?"
Umepoa.
"Kwa nini umepoa?"
Darasa zima likanigeukia,
nami, niliyebeba mtungi ule tangu darasa la pili,
sikuwa na jibu.

Akanituma nyumbani na kipimajoto.
Mama alicheka hadi akakaa chini,
kisha akachovya kidole, akasema, "Sasa."
Nikasoma: thelathini na nane.
Wiki iliyofuata, kidole kilekile, "Sasa":
thelathini na nane na nusu.
Mwalimu akaandika ubaoni jina la mama yangu,
Aisaria,
na chini yake akachora kimeng'enya.

Nalisema hili kwanza
ili ujue nilifundishwa na nani
kabla sijakwambia nilichotaka kufanya.

Ilikuwa Julai, baridi ya Moshi imeingia hadi kwenye vitasa,
migomba ya Rau inanyauka ikiwa na mikungu yake,
nasi tukiwinda bakteria ndani ya utomvu.
Miezi minne. Umeme ukikatika
tulilifunika friji kwa blanketi la Senkondo,
naye akatimua mbio na ndoo
kuomba barafu kwa wauza samaki wa Mbuyuni.
Hatimaye jeli ikamiminwa, ikaganda, visima sita:
vinne vya migomba,
cha tano cha bakteria tunaowajua kwa jina,
cha sita maji.
Cha sita kazi yake ni kunyamaza.

Tukazima taa, tukawasha ile ya urujuanimno.
Cha kwanza, mstari. Cha pili, mstari.
Senkondo akapiga kigelegele cha kiume, kibaya,
akatoka mbio kumwita Mwalimu.
Nikabaki na kamera.
Cha tatu, cha nne, cha tano.
Na cha sita, hafifu, mwembamba
kama kipande cha ukucha sakafuni,
mstari.

Picha inakatika kirahisi.
Unasogeza pembe yake kwa kidole,
visima vinabaki vitano, na vitano vinapendeza.
Nilikwisha kuisogeza.
Raba hazina kishindo, nimesema.
Sijui alikuwa amesimama nyuma yangu tangu lini.

Hakuniuliza nafanya nini.
Aliinama, miwani ikang'aa zambarau,
akauliza, "Maji yanasemaje?"
Nikanyamaza.
"Nimeuliza maji, sikukuuliza wewe."
"Yanasema tumechafua, Mwalimu."
"Tumechafua wapi?"
"Hayasemi."
"Basi hapo ndipo tulipofika," akasema,
akavuta kiti, akafungua daftari,
akapitisha mstari mmoja juu ya miezi minne,
mwembamba, ili maandishi yabaki yanasomeka.

Ilikuwa chupa yangu.
Siku moja ya Mei nilichota maji kwa ncha niliyokwisha kuitumia,
nikiwahi mechi.
Iligunduliwa baada ya siku kumi na moja, chupa kwa chupa,
na aliyeigundua ni mimi,
na nikasema.

Jumatatu tukaanza na maji.
Mikrolita kumi. Tone juu ya mizani.
Senkondo hakunisemesha mpaka Alhamisi.