Sifa za Chotara

Mnunuzi wa Belem ametuma karatasi yenye mistari.
Anataka rangi, uzito, siku za kukua,
anataka asili, na mbele ya neno hilo
ameacha nafasi inayotosha neno moja.

Basi naandika.
Kofia, uyoga ungali mchanga, ni rangi ya sukari guru;
ukikomaa hupauka ukingoni
mpaka ukafanana na ukoko wa maziwa ya nyati
yaliyosahauliwa mekoni.
Mguu mrefu, umepinda kidogo,
kama wa mtu aliyesimama sana matopeni.

Mguu wa baba yake ulikuwa mfupi.
Baba, kama neno hilo lafaa,
aliota kwenye malisho ya mzee Astrogildo,
hapa kisiwani Marajo, juu ya samadi ya nyati,
Januari, nyasi zikiwa zimesimama majini hadi magotini.
Mama yake alitoka mbali, mbuga kavu za Roraima.
Alikuja ndani ya kifuko cha kahawa
mfukoni mwa Evandilson, mchunga ng'ombe,
ambaye hakusema kwa nini ameuleta,
wala mama yangu hakumuuliza.

Mama alikuwa na chupa za jamu,
sindano iliyopitishwa motoni,
na hasira ya mtu aliyeambiwa haiwezekani.
Nyuzi za huyu, nyuzi za yule.
Chupa kumi na tisa zilioza, nyumba ikanuka,
kuku wakahamia kwa jirani.
Ya ishirini ilitulia.
Katikati, pale weupe ulipogusa weupe,
hapakuwa na mpaka.

Siku za kukua: kumi na moja, mvua ikiwa ya kweli.
Unastahimili jua kama mama yake,
unastahimili maji kama baba yake,
ila upepo hauuwezi.
Usiniulize. Wazazi wote wawili walizaliwa upeponi.

Harufu: unga mbichi wa muhogo na, kwa mbali, chuma.
Ukiutia kwenye siagi ya nyati hunywa siagi yote,
sufuria ikabaki kavu, ukadhani umeibiwa;
subiri, usizime moto, huirudisha.
Hili hukuliuliza. Ndilo la maana.

Nafasi ya mbegu niliiruka, sasa nairudia.
Uyoga wa kawaida, ukilaza kofia yake juu ya karatasi
usiku mmoja, asubuhi utakuta duara la vumbi,
zambarau iliyokoza kama asai: hiyo ndiyo saini yake.
Wetu haukusaini.
Mama alilaza kofia arobaini juu ya daftari langu la shule;
kurasa ziliamka kama zilivyolala, zimeloa tu,
na mwalimu Lindoraci akataka kujua
nani amelia juu ya hesabu.

Hauzai. Uuache malishoni,
msimu mmoja utausahau.
Unaendelea kwa sababu mtu hukata uzi
akaupa chupa nyingine,
na kesho tena, chupa nyingine.
Tangu mama alipoingia hospitali ya Soure kwa miguu yake
na kutoka amefunikwa,
mtu huyo ni mimi, Jucilene,
na vidole vyangu vimeanza kutetemeka mapema.

Sokoni huniuliza tangu utoto:
wewe wa nani, nywele za huku, macho ya kule?
Mama alijibu kwa kupepeta unga.
Evandilson bado huja kila Januari,
huketi kizingitini, hula sahani mbili
za uyoga alioubeba mfukoni,
huniangalia mikono,
huondoka kabla kahawa haijachemka.

Asili, mheshimiwa:
nafasi yako ni fupi.
Nimeandika "chupa".

Uzito: gramu themanini, kabla ya siagi.