Usichemshe

Saa nane za usiku kipimo kilisoma moja nukta tisa.
Nikaosha vioo, nikapima tena.
Mbili nukta nne.
Nikamwita Delbert Yoakum, mkuu wa zamu.
Alikuja na suruali ya kulalia na viatu vya mpira,
akasimama nyuma yangu akipumua
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Nje, Ziwa Erie lilikuwa kijani kizito,
kijani cha rangi iliyomwagika kibarazani ikaachwa,
likinuka majani yaliyovundia ndani ya mfuko.
Mwezi wa nane. Upepo ulikuwa umeusukuma utando wote
hadi mdomoni mwa bomba letu,
pale tunapovuta maji ya watu elfu themanini.
Tulimwaga unga wa makaa mpaka tukafanana na wachoma mkaa.
Klorini hatukuthubutu kuizidisha:
klorini huupasua mwani,
na mwani ukipasuka hutema ulichoficha.

Andika wewe, Delbert akasema, mwandiko wako unasomeka.
Nikaandika: Usinywe.
Usipikie. Usimpe mbwa.
Kisha neno ambalo mkono uligoma kuliandika.

Maana tangu utoto, maji yakitiliwa shaka,
dawa ilikuwa moja.
Mama alichemsha. Mwalimu alituimbisha: chemsha.
Mafuriko, chemsha. Mgeni mgonjwa, chemsha.
Tuliuamini moto kuliko daktari.
Na sumu hii haifi motoni.
Maji hupaa yakawa mvuke, yenyewe ikabaki chini,
ikikolea,
kama chumvi katika sufuria uliyoisahau jikoni.

Saa kumi na moja alfajiri, simu ya kwanza:
Bi Piroska Halmos, nyuma ya kiwanda cha vioo.
Nimesikia nusu ya tangazo, alisema. Maji mabaya.
Basi nimechemsha. Sufuria nne.
Nusu saa nzima, si dakika tatu,
maana mjukuu wangu ana miezi mitano
na mimi si mtu wa mchezo.

Kwenye simu nilisikia kifuniko kikigongagonga.

Amekunywa?
Bado. Yanapoa.

Yamwage, nikamwambia.
Aliniuliza yote? mara tatu,
mara ya tatu kwa Kihungari,
lugha nisiyoijua, lakini nililielewa.

Adhuhuri kaka yangu Lowell akapiga.
Analima mahindi na soya huko juu ya mto, ekari mia sita.
Usianze, akasema. Sikuwa nimesema kitu.
Wote tumeweka mbolea. Kipimo kile kile cha kwenye gunia.
Mvua ya Aprili sikuiita mimi.
Najua, Lowell.
Najua, kwa kuwa ada yangu ya chuo ilitoka kwenye gunia hilo.
Kemia niliyoipimia sumu
ililipiwa na mahindi,
na mahindi yalilishwa kile kile kilicholilisha ziwa.
Tulinyamaza wote wawili.
Kisha akaniuliza kama nimepata maji ya chupa,
kwamba anazo katoni sita, anaweza kuleta.
Alileta nane.

Siku ya tatu: sifuri nukta sita. Kesho yake: sifuri nukta mbili.
Meya akanywa glasi mbele ya kamera.
Mimi nilikuwa nyuma ya pazia,
nikilitazama koo lake likipanda na kushuka.

Jumamosi nilipita kwa Bi Piroska.
Sufuria nne zilikuwa zimefudikizwa ngazini,
zimesuguliwa hadi zinaumiza macho.
Mtoto alikuwa sakafuni, ana kijiko cha mbao mdomoni,
anaidai dunia.
Bibi akanimiminia kahawa.
Kabla sijajizuia, nikauliza:
Ni maji ya bomba?

Alinitazama kwa muda.
Wewe ndiye wa kujua, akasema,
akakisukumia kikombe upande wangu.

Nikakishika kwa mikono miwili.
Kilikuwa kingali kinafuka mvuke.